Miezi miwili, siyo wiki moja

Jumatano. Mvua tangu asubuhi, ile mvua nyembamba ya kwetu Masisi ambayo hainyeshi vizuri wala haikatiki. Nguo nilizofua jana bado ni mbichi. Nimezianika kwenye baraza la hospitali pamoja na za wengine, na mwanangu Furaha amelala mgongoni mwangu, pua yake imebana kwenye shingo yangu. Naandika kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Mama hajanisemesha tangu saa nne.

Si kwamba analala. Macho yake yako wazi kabisa. Amemsemesha mwanamke wa kitanda cha pili, amemsemesha muuguzi, amemsemesha hata paka wa hospitali aliyepita chini ya kitanda. Mimi ananipitisha macho kama vile niko ukuta.

Sababu naijua. Nitaiandika hapa, kwa sababu nikiiacha ndani itaniharibu. Na labda mama mwingine ataisoma na itamsaidia asifanye kama sisi.

Mama yangu ana mfupa wa chuma kwenye nyonga. Mwaka jana aliteleza akitoka shambani, kitunga cha viazi mgongoni, mshipi kwenye paji la uso. Mfupa ulivunjika pale juu kabisa, mguu unapoingia kwenye nyonga. Alilala miezi mitatu kwenye mkeka karibu na moto, akijiburuta kwa viwiko, mpaka tukasikia kwamba daktari wa mifupa anakuja kutoka mjini. Wanaume wanne wa kwetu walimbeba kwa tipoyi, kile kiti cha miti ambacho wabebaji wanaweka mabegani. Wakati wanamtua mlangoni mwa hospitali, aliwaambia: "Asante, baba zangu. Lakini musinibebe tena. Siku ingine mutanibeba, itakuwa njo ya kunizika."

Na kweli, akiwa na chuma hicho alitembea. Miezi minne alitembea kuliko mimi. Alikuwa anagonga paja kwa kidole mbele ya wageni. "Munasikia? Hii haiozake. Siku ya ufufuko ninyi mutaamuka na mifupa ya zamani, miye nitaamuka na mupya."

Kisha kovu likaanza kutoa maji.

Hapa njo inabidi niseme ukweli, hata kama unaniuma. Tulienda kituo cha afya cha karibu. Muuguzi wa pale alitupatia vidonge vya siku kumi na nne, asubuhi na jioni, akasema tuende hospitali kubwa bila kukawia. Vidonge tulichukua. Hospitali tukasema tutaenda baada ya mavuno ya maharagi.

Kwetu kila mama anajua dawa ya kidonda. Kitovu cha mtoto, jeraha la panga, kidole kilichochunwa na kiatu: unafungua kile kidonge chenye ganda la rangi mbili, unamwaga unga wake juu, kidonda kinakauka. Hakuna aliyetufundisha. Tuliwakuta mama zetu wakifanya hivyo. Sasa Mama akaangalia vile vidonge, akaniangalia mimi.

"Kidonda iko ku paja. Sasa nikimeza na mudomo, dawa itafika kule namna gani? Si itapotelea mu tumbo?"

Nilicheka. Na baada ya kucheka nikaona kama ana haki. Tukagawanya: cha asubuhi anameza, cha jioni tunamwaga.

Ni mimi niliyevifungua. Kwa vidole vya mkono huu ninaoandikia.

Lakini kidonda chenyewe sikukiona. Kwetu mtoto mkubwa haangalii paja la mama yake. Nilikuwa namwaga unga kwenye karatasi ya daftari, naikunja, nampitishia nyuma ya pazia. Yeye anajimwagia mwenyewe kwa kupapasa, kwa sababu kovu liko upande wa nyuma na hawezi kuliona. Kila jioni ilikuwa vile. "Umemaliza, Mama?" "Nimemaliza." Basi.

Gamba likafunga. Jumapili ile Mama alipeleka kitunga cha maharagi kanisani kutoa shukrani, akaenda mpaka mbele akicheza, fimbo yake ameishika juu kama bendera. Watu walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga.

Haikupita wiki nikaona alama kwenye kikwembe chake, kile kitenge anachojifunga kiunoni. Ndogo, ya manjano, na harufu kama maziwa yaliyolala kwenye chungu. Nikamuuliza.

"Ni jasho," akasema. "Chuma nayo inatokaka jasho."

Nikafua.

Nilifua wiki ile, na ile iliyofuata, na nyingine tena. Alama ikawa kubwa. Mama akaanza kuvaa vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine, na kunipa kile cha ndani akiwa amekikunja mara nne. Nilikuwa nakipeleka kijitoni, nakifungua kwenye maji, naangalia upande mwingine. Nilijua, na sikutaka kujua. Baba Furaha yuko Rubaya anabeba mizigo, simu yake inaingia siku moja kwa wiki. Furaha alikuwa anaota meno. Maharagi yalikuwa yanangoja. Nilikuwa nimechoka. Hiyo si sababu ya kutosha, lakini njo ilivyokuwa.

Alhamisi iliyopita Mama alishindwa kukanyaga chini. Homa kali, paja la moto kama mtu amelitoa jikoni. Wanaume wanne wakaja tena na tipoyi. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake. Yeye alijifunika uso kwa kikwembe njia nzima, kupanda na kushuka, na mara moja tu nikasikia sauti yake chini ya kitambaa: alimwambia mbebaji wa mbele asikimbie, kuna utelezi.

Sasa ya jana.

Bahati nzuri daktari yule yule aliyemwekea chuma yuko hapa wiki hii, anaondoka Ijumaa. Muuguzi wa chumba chetu, dada mwenye uvumilivu, alikuja jana kumtayarisha Mama. Alimweleza kwamba daktari atauliza kwanza: maji yalianza kutoka lini? Kama ni siku chache, wanafungua, wanaosha ndani, chuma kinabaki. Kama ni siku nyingi, kuosha tu hakutoshi, inabidi chuma kitoke.

Dada wa watu alisema ili tuelewe. Mama alielewa upesi mno. Muuguzi hajafika mlangoni, Mama amenivuta kikwembe.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Tutasema wiki moja."

"Mama…"

"Homa ilianza siku gani? Alhamisi. Kutoka Alhamisi mpaka leo si inakaribia wiki moja? Basi. Haiko bongo, ni kweli tu."

Sikujibu. Alikuchukua kunyamaza kwangu kama ndiyo, na nikisema kweli, jana ilikuwa ndiyo. Nilimwona tena kwenye ule mkeka karibu na moto, anajiburuta kwa viwiko kwenda nje kujisaidia, na mimi na mimba ya Furaha siwezi kumwinua. Nikasema moyoni, wiki moja ni nini? Ni neno tu. Kama neno linaweza kumwachia mguu wake, nilitoe.

Leo saa nne daktari akaja. Ni mtu mfupi, sauti ya chini, anavuta kiti na kukaa kwanza kabla ya kusema.

"Mama, mufupa yetu iko namna gani?"

"Iko muzuri, Dokta. Ni homa tu njo inaisumbua."

Alicheka kidogo. Akamwomba ruhusa, akafunua, akabonyeza. Mimi niliangalia dirisha. Nilisikia Mama akivuta pumzi kwa meno. Daktari akafunika tena vizuri, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni, akakaa.

"Maji ilianza kutoka lini?"

"Wiki moja."

"Wiki moja kweli?"

"Alhamisi. Uliza huyu mutoto yangu."

Daktari hakuniuliza mara moja. Alimweleza Mama kitu ambacho nimekiweka kichwani, nakiandika vile alivyosema. Alisema vijidudu vikifika kwenye nyama ya mtu, damu inavifukuza na dawa inasaidia. Lakini chuma hakina damu. Vikifika kwenye chuma vinajishika, vinajifunika na utelezi, sawa na ule utelezi wa mawe ya mtoni. Utelezi wa siku chache unausugua unatoka. Wa siku nyingi umeshika. Unasugua leo, kesho umerudi, na siku moja unaingia kwenye damu na kuchukua mtu mzima. Akasema tena kwamba hii inatokea hata pale kila mtu amefanya kazi yake vizuri, asijione ana mkosi.

"Njo maana nauliza, Mama. Miye siko polisi. Kama ni wiki moja, kesho naosha, chuma inabaki. Kama iko zaidi na nikaiacha mule, ni miye nitakuwa nimekuua."

Kisha akanigeukia.

Mama alikuwa ananiangalia. Jicho lile lile la kanisani nikiwa mtoto, nikianza kucheka wakati wa maombi. Jicho ambalo halijawahi kushindwa. Mimi nina mtoto mgongoni, nina shamba, nina nyumba, na bado jicho lile likinipata nasimama wima kama mtoto wa kanisani.

"Miezi miwili," nikasema.

Daktari alichukua kalamu.

"Siyo wiki moja, Dokta. Ni miezi miwili. Miye njo nafulaka vikwembe vyake."

"Nyamaza, weye!"

"Na dawa ya kituo cha afya, nusu alimeza, nusu tulimwaga juu ya kidonda."

"Nani alimwaga?" daktari akauliza, bila kupandisha sauti.

"Miye nilifungua vidonge."

Aliandika. Aliandika muda mrefu. Nilikuwa nangoja anigombeze, nilitaka kabisa anigombeze. Akasema tu, "Asante, Mama Furaha. Hiyo ya nusu nayo nilikuwa na haja ya kuijua." Kwamba vijidudu vilivyoonja dawa kidogo kidogo vinaizoea, kwa hiyo watachukua usaha wapime ni dawa gani bado inaviweza.

Mama aligeuzia uso ukutani. Akauambia ukuta: "Huyu nilimuzaa na siku mbili za maumivu."

Mwanamke wa kitanda cha pili akajifanya anatafuta kijiko.

Sasa kazi itakuwa hii. Kesho, kama Mama atakubali, wanafungua na kutoa chuma. Mahali pake wanaweka kipande cha simenti chenye dawa ndani, ili shimo lisikae wazi na dawa itoke polepole. Wiki nyingi za sindano na vidonge. Miezi ya kulala na kutembea kwa magongo mawili, bila kukanyaga sana. Kisha, kama usaha umekwisha na njia ya kwenda mjini iko wazi, chuma kipya. Kama hakitawezekana, mguu utabaki mfupi, lakini utabaki.

Kama atakubali. Karatasi ya kutia sahihi iko kwenye meza ndogo karibu na kichwa chake. Daktari anataka jibu kabla ya saa kumi na moja, apange watu wake. Mama hajaigusa.

Nimekaa hapa nje najiuliza kama mtoto ana haki ya kufanya nilichofanya. Angeniomba nisiseme jambo lake lingine lolote, ningelizika. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza miezi miwili, na tazama kunyamaza kwangu kumetufikisha wapi. Sitanyamaza wiki ya tisa.

Furaha ameamka. Nitarudi.

*

Saa kumi na mbili kasoro. Mvua imekatika, nguo bado.

Nilipoingia chumbani simu ya Mama ilikuwa inalia. Ni Kaka Bahati, mkubwa wangu, anafanya biashara Walikale, kule porini. Nani alimwambia, sijui, habari za hospitali zinatembea kuliko pikipiki. Mama hajui kushika simu kwenye sikio. Anaiweka kifuani na kuongeza sauti, kwa hiyo chumba kizima kilisikia.

"Mama, usiweke mukono ku ile karatasi! Usikubali wakukate tena! Kuko munganga mumoja huku, anavutaka usaha na majani, siku tatu tu. Natuma moto kesho, ikuchukue."

Pikipiki. Nyonga iliyojaa usaha, njia ya Walikale, msimu wa mvua. Nilifungua mdomo. Mama akainua kidole kimoja, bila kuniangalia. Nikaufunga.

"Bahati, mutoto yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kutoka niugue, ulishafula kikwembe yangu hata moja?"

"Mama, si miye niko mbali…"

"Najua uko mbali. Nauliza tu."

Tulisikia redio ya mtu huko kwake.

"Basi baki kule," Mama akasema, "na munganga yako na majani yake. Usalimie muke yako."

Akakata. Alikosea akabonyeza mara tatu, lakini akakata. Mwanamke wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika tumbo, na yeye ameshonwa juzi. "Mama, utanifungulia uzi!"

Mama hakucheka. Alimwita muuguzi.

"Leta ile karatasi. Na umwambie huyu mama ya Furaha akuje aishike, isiteleze."

Muuguzi alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani. "Mama Furaha," akasema kwa adabu kabisa, "wanakuomba uje ushike karatasi."

Nikashika. Mama alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, na mama wengine wa kanisa, na jina lake analiandika kama mtu anayepanda viazi: herufi moja, anapumzika, nyingine. Nilishika karatasi kwa mikono miwili. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari, na yeye akaitazama kwa muda kama vile anataka kuirudia.

"Sijakusamehe," akasema. Kwangu mimi. Usoni.

"Najua, Mama."

"Umenivua nguo mbele ya batu."

"Ndiyo, Mama."

"Na chuma yangu njo wanaenda kutoa."

"Wataweka ingine."

"Kama niko muzima."

"Utakuwa muzima."

"Weye uko munganga?"

Akanyoosha mikono, akamchukua Furaha, akamlaza upande wa mguu mzima na kuanza kumtoa uchafu masikioni kwa pembe ya shuka.

Nimeshapanga yangu. Nimemwomba muuguzi anifundishe kufunga kidonda, kukiangalia kwa macho yangu, rangi yake na maji yake. Amekubali kuanza keshokutwa. Kama Mama atasema kwetu haifanyiki, nitamwambia kwetu pia hatuzikwi kwa ajili ya aibu ya paja. Kila kidonge atameza mbele yangu, na maji, na nitaangalia chini ya ulimi kama ninavyomfanyia Furaha. Shamba msimu huu nitawaachia majirani walime wachukue nusu. Jirani yeyote nitakayemwona anafungua kidonge juu ya kidonda, nitamwambia vile tulivyofanya sisi, na nitataja jina langu, si la Mama.

Naogopa. Niseme tu. Daktari ameniambia wazi kwamba mwili wake umechoka na homa, na kufungua mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Aliniambia mimi peke yangu, pale nje, na nilimshukuru kwa kutokunificha. Kisha nikaenda kusuuza bakuli ambalo lilikuwa limeshasuuzwa.

Kesho saa mbili wanamwingiza. Nitakuwa kwenye lile benchi la mlangoni, na Furaha mgongoni, na sitatoka pale hata kwa kunywa maji.

Anaweza kunikasirikia miaka kumi. Nataka hiyo miaka kumi yote.